Kupiga mchanga gudini: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wa gudi, mahali meli zinapopandishwa kutengenezwa: mafundi wa nozeli (mdomo wa mpira unaorusha mchanga), wasaidizi wao, wapaka rangi, vibarua wa kuzoa, na mara nyingine wake zao. Nilishika nozeli miaka tisa Mombasa kabla ya kuhamishiwa upande wa usalama, kwa hiyo mengine nayajibu kwa sheria na mengine kwa niliyoyaona.

Tunasema "kupiga mchanga". Kwani ni mchanga kweli?

Haitakiwi kuwa mchanga. Jina ndilo limebaki. Kazi yenyewe ni kurusha chembe ngumu kwa hewa ya kompresa, kwa kawaida kama psi 100 (karibu bar 7), ili kung'oa kutu, rangi kuukuu na magamba ya baharini mpaka chuma kibaki cheupe na chenye mikwaruzo ya kushika praima, rangi ya kwanza. Mkaguzi wa rangi akidai "Sa mbili na nusu", kiwango cha usafi wa chuma, hicho ndicho anachotaka kuona. Chembe zinaweza kuwa slagi (masalio magumu ya tanuri) ya shaba, slagi ya makaa ya mawe, ganeti (aina ya jiwe gumu), au chembe za chuma zinazokusanywa na kutumika tena.

Lakini jina lina madhara yake. Mwenye tenda ndogo akisikia "mchanga" anatuma lori mtoni, kwa sababu mchanga wa mtoni ni rahisi na ganeti inauzwa ghali. Mchanga huo kwa kawaida umejaa kwatzi, na kwatzi ni silika. Punje ikigonga chuma kwa kasi ile inapasuka kuwa vumbi jipya, kali, la kuingia ndani kabisa ya mapafu. Uingereza iliuondoa mchanga katika kazi hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Marekani, taasisi yao ya utafiti wa afya kazini, NIOSH, ilipendekeza upigwe marufuku mwaka 1974. Uturuki ilikuja kuupiga marufuku mwaka 2009 kwenye viwanda vya jinzi, baada ya vijana waliokuwa wakichakaza suruali kwa mchanga kuanza kufa kwa ugonjwa wa mapafu. Ilikuwa suruali tu. Sisi tunapiga ubavu mzima wa meli.

Vumbi linatua baada ya dakika chache. Hatari iko wapi tena?

Linalotua ni lile unaloliona. Linaloua halionekani. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe zinazofika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu ni za mikroni 4 kushuka chini, na hizo huelea kwa saa nyingi. Ukitaka kuamini, subiri giza liingie baada ya kazi, hewa ikionekana shwari, halafu washa tochi kali na uitazame miale yake kwa ubavu. Utaona moshi unaotembea mahali ulipodhani pako safi.

Kiwango cha silika kinachoruhusiwa Marekani tangu sheria yao ya 2016 ni mikrogramu 50 katika mita moja ya ujazo, kwa wastani wa saa 8. Mtu anayefanya kazi huvuta kama mita 10 za ujazo za hewa kwa zamu moja. Zidisha: nusu miligramu kwa siku nzima, karibu uzito wa punje moja ya sukari. Fundi akipiga mchanga wa mtoni hewa ya wazi, kiwango hicho hupitwa mara nyingi mno, na shifti yenyewe haijafika mbali.

Mimi nina kofia ya hewa. Si niko salama?

Wewe, pengine. Swali langu huwa ni nani yuko nje ya kofia yako.

Asubuhi moja nilimkuta kijana amekaa juu ya gunia kando ya chungu cha mchanga, lile tangi la shinikizo linalolisha nozeli, fulana imezungushwa usoni, nyusi nyeupe kama za mzee wa miaka 80. Kazi yake ilikuwa kujaza chungu na kufungua valvu. Fundi alikuwa juu ya jukwaa, hewa baridi inampuliza shingoni ndani ya kofia. Kijana alikuwa chini, upande upepo unakokwenda, na kila gunia alilomimina lilimtupia wingu lingine. Nilipomuuliza barakoa yake iko wapi, alinijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee. Mimi si wa kublasti, mimi wa kusaidia."

Hapo ndipo karakana nyingi zinapokosea. Kofia hununuliwa moja, kwa mwenye nozeli. Msaidizi wa chungu, mwenye kufagia slagi, mchomeleaji kwenye sitaha ya juu, mpaka rangi anayesubiri zamu yake na mama anayeleta chai wote wanavuta hewa ileile. Kufagia kwa ufagio mkavu kunarudisha hewani vumbi lote la siku nzima, na anayefagia huwa hana hata kitambaa. Tumia mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini, au lowesha kwanza.

Ukipanga kazi, panga na upepo. Wakati wa kusi vumbi linakwenda kaskazini. Wakati wa kaskazi linageuka kuja kusini. Zungushia turubai, weka kamba ya kuzuia watu, na kazi nyingine za karibu zisubiri. Msimamizi atalalamika kwamba meli inalipiwa gudi kwa siku. Ni kweli inalipiwa. Basi ratiba ipangwe hivyo kabla meli haijapanda, si ikiwa tayari iko juu.

Barakoa ya dukani inatosha?

Ya hospitali haitoshi hata kidogo, haizibi pembeni. N95, barakoa ya kuchuja vumbi, inafaa kwa kazi nyepesi zenye vumbi kidogo. Kwa msaidizi wa chungu na mfagiaji, tafuta barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya daraja la juu, P100 au P3, na iwe imemkaa. Hapa ndevu zinaingia: barakoa ya kubana haishiki juu ya ndevu, hewa inapita pembeni. Kofia ya kupigia mchanga yenye kitambaa cha shingoni haitegemei kubana uso, kwa hiyo mwenye ndevu anaweza kuivaa. Usimlazimishe mtu kuchagua kati ya dini na mapafu kabla hujaangalia vifaa vilivyopo.

Hewa ya kofia inatoka wapi, na nitajuaje ni safi?

Mara nyingi inatoka kwenye kompresa ileile ya dizeli inayosukuma mchanga. Hapo pana mtego. Kompresa ikivuta hewa karibu na bomba lake la moshi, au karibu na lori lililowashwa, kaboni monoksidi, gesi ya sumu, inaingia moja kwa moja ndani ya kofia. Gesi hiyo haina harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anadhani ni jua.

Hewa ya kupumua inayokubalika huwa na oksijeni asilimia 19.5 hadi 23.5, kaboni monoksidi isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, na mvuke wa mafuta usiozidi miligramu 5 kwa mita ya ujazo. Kwa vitendo: mdomo wa kuvutia hewa uwe upande wa juu wa upepo, kuwe na kichujio cha hewa ya kupumua kabla ya mpira wa kofia, na king'ora cha kaboni monoksidi kifanye kazi. Fundi akisikia ladha ya mafuta mdomoni, ashuke. Asisubiri kumaliza "kipande hiki tu".

Na usiwahi kuunganisha mpira wa kofia kwenye chupa ya oksijeni ya kuchomelea. Nimeliona likijaribiwa.

Ni kweli maziwa yanasafisha kifua?

Hapana. Swali hili naulizwa kuliko yote, na karakana kadhaa huwapa vibarua pakiti ya maziwa kila jioni kana kwamba ni dawa. Maziwa yanapita kooni kwenda tumboni; vumbi limepita kwenye koromeo kwenda mapafuni. Hizo ni njia mbili tofauti na hazikutani tena. Maziwa ni chakula kizuri, kunywa ukipenda. Lakini mwajiri akikupa maziwa badala ya barakoa, amekupa kitu cha bei nafuu kwa kitu cha bei kubwa.

Kwa nini tusifunge dedimani kwa waya? Mkono unachoka.

Dedimani ni kile kishikio kwenye nozeli ambacho ukikiachia hewa inakatika. Kikifungwa kwa waya, siku utakapoteleza mpira utaendelea kurusha huku unajipinda kama nyoka, na anayepigwa kwanza ni wewe au msaidizi wako. Mkono unachoka kweli, sikatai. Nozeli inakusukuma nyuma saa nzima. Dawa yake ni kubadilishana, dakika 30 hadi 45 kila mmoja, na kishikio kinachotembea bila kukwama. Kikiwa kigumu, kirekebishwe.

Viungo vya mpira viwe na pini zake. Msumari si pini, wala kipande cha waya wa kuchomelea. Kila kiungo kiwe na kamba ya chuma ya kuzuia mpira kuruka kikifunguka. Kabla ya kuanza, hewa ikiwa imefungwa, pitisha kiganja juu ya mpira wote: mahali palipolainika ndipo ulipoliwa kwa ndani, na hapo ndipo utakapopasuka. Maungio ya mpira na chungu yaunganishwe na ardhi, kwa sababu mchanga ukipita kwenye mpira unazalisha umeme tuli. Kwenye tangi lililowahi kubeba mafuta, cheche moja inatosha.

Mchanga umenipenya kidoleni, tundu dogo tu. Niendelee?

Usiendelee hata dakika moja. Tundu linaweza kuwa dogo kuliko punje ya mtama, lakini chembe na hewa vimeshapita chini ya ngozi na kutawanyika kando ya mishipa. Saa chache baadaye mkono unavimba na kidole kinaweza kupotea. Nenda hospitali siku hiyohiyo na useme wazi: "Nimepigwa na hewa ya shinikizo yenye mchanga." Ukisema umejikata, watakufunga plasta.

Kupiga mchanga ndani ya tangi kuna tofauti gani?

Kila kitu kinakuwa kibaya zaidi. Tangi la maji ya uzani lililofungwa kwa miezi mingi huwa na oksijeni kidogo, kwa sababu kutu yenyewe inaila. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5, usiingie. Pima juu, katikati na chini, kwa sababu gesi nyingine ni nzito na hujikusanya sakafuni. Gesi za kuwaka zikifika asilimia 10 ya kiwango chake cha chini cha kulipuka, kazi haianzi.

Feni ya kufyonza iwake kabla, wakati wote wa kazi, na baada ya kazi. Ndani ya tangi vumbi linafanya giza kiasi kwamba fundi anatafuta ngazi kwa kupapasa. Kwa hiyo lazima awepo mtu kwenye tundu la kuingilia, asiyeondoka kwenda chai, mwenye njia ya kuwasiliana na aliye ndani. Na mtu huyo asiingie mwenyewe kuokoa. Katika ajali za matangi, mara nyingi wanaokutwa wamekufa ni zaidi ya mmoja: wa kwanza aliyeanguka, na waliomfuata.

Slagi ya shaba si salama? Haina silika.

Ina silika huru kidogo sana, ndiyo sababu inapendwa. Lakini slagi za shaba na za makaa zinaweza kuwa na chembechembe za madini yenye sumu: arseniki, risasi na berili. Berili ni hatari kwa kiasi kidogo mno. Marekani ilishusha kiwango chake hadi mikrogramu 0.2 kwa mita ya ujazo mwaka 2017, na kazi za slagi kwenye karakana za meli zilikuwa katikati ya mjadala huo. Mwombe muuzaji karatasi ya usalama ya bidhaa. Akisema hana, umeshapata jibu.

Halafu kumbuka, vumbi halitoki kwenye slagi peke yake. Linatoka pia kwenye kile unachokibandua.

Rangi ya zamani ina nini?

Meli kuukuu inaweza kuwa na praima nyekundu ya risasi, au ya kromati. Chini ya maji kuna rangi za kuzuia viumbe kuota, zenye shaba, na za zamani zenye TBT, sumu ambayo mkataba wa kimataifa wa Shirika la Bahari Duniani, ulioanza kufanya kazi Septemba 2008, uliipiga marufuku. Baadhi ya vyombo vilipakwa rangi nyingine juu yake tu, kwa hiyo bado ipo chini. Maziwa yetu makuu yana vyombo vya umri mkubwa: MV Victoria ni ya miaka ya 1960, na MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani 1913. Chombo chenye tabaka za miongo mingi, chukulia kina risasi mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kupima kipande cha rangi kabla ya kazi ni gharama ndogo.

Risasi huingia pia kwa mdomo. Anayetafuna miraa au kuvuta sigara kwa mkono wenye vumbi anaila. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula chochote, na chakula kisikae kwenye eneo la kazi.  

Tunapulizana nguo kwa hewa ya kompresa jioni. Kuna ubaya?

Upo. Unarudisha hewani vumbi lililotulia kwenye nguo, mbele ya pua yako, ukiwa umeshavua kofia. Na hewa ya shinikizo inaweza kupenya ngozi, sikio au jicho. Tumia mashine ya kufyonza.

Masikio je?

Kelele ya kupiga mchanga hupita desibeli 100 kwa urahisi, na sehemu yake inatoka ndani ya kofia, kwenye hewa yenyewe. Kanuni za kelele za Kenya za 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. NIOSH inashauri 85, na kwa hesabu yao desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku. Vaa viziba masikio chini ya kofia. Ukitoka kazini na masikio yanalia mluzi, yameshaumia.

Ramadhani tunafanyaje?

Joto ndani ya ovaroli ya ngozi na kofia ni kali, na aliyefunga hawezi kunywa maji mchana. Kazi ya nozeli ianze alfajiri mara baada ya daku na kuishia kabla ya saa nne au saa tano, au ihamie usiku. Zipo kofia zenye kifaa kidogo cha kupoza hewa kiunoni; zitumike. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akaacha kutoka jasho, mtoe, mvue, mmwagie maji. Hiyo ni dharura, na mwenye dharura anaruhusiwa kufungua.

Nakohoa miezi mitatu. Zahanati wamenipa dawa za kifua kikuu. Niamini?

Meza dawa ulizopewa, lakini rudi umwambie daktari kazi yako. Silikosisi, yaani ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, na kifua kikuu zinafanana: kikohozi, kupungua uzito, kukosa pumzi, madoa kwenye eksirei. Aliyevuta silika yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, kwa hiyo unaweza kuwa navyo vyote viwili. Nimewajua watu waliorudia dozi ya kifua kikuu mara ya pili na ya tatu huku makohozi hayaonyeshi vijidudu, na hakuna aliyewauliza wanafanya kazi gani. Sema mwenyewe, hata usipoulizwa: "Napiga mchanga kwenye meli tangu mwaka fulani."

Silikosisi haina dawa ya kuiponya. Ya kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi; ya haraka, kati ya miaka 5 na 10; na kwa wanaovuta vumbi zito bila kinga, inaweza kuja ndani ya miezi. Inaendelea hata ukiacha kazi, kwa hiyo aliyeacha miaka mitano iliyopita naye akapimwe. Silika pia inasababisha saratani ya mapafu; shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka kundi la kwanza tangu 1997. Sigara juu yake inazidisha.

Nikikataa kufanya kazi bila vifaa, nitafukuzwa?

Wengine wanafukuzwa, nisikudanganye, hasa vibarua wa siku. Lakini sheria haiko upande wa anayekufukuza. Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa, na inasema ukiripoti hatari kubwa kwa msimamizi hupaswi kulazimishwa kurudi mahali hapo mpaka irekebishwe. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama. Wasilisha swali lako kwao, kwa maandishi, na ubaki na nakala au picha kwenye simu. Tanzania kuna sheria kama hiyo ya 2003 na wakala wake wa usalama na afya kazini, OSHA.

Ukiumia au kuugua, Kenya kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, na Tanzania Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Zote zinagusa magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali tu. Tatizo la ugonjwa wa vumbi ni ushahidi: unajitokeza baada ya mkataba kuisha. Weka daftari dogo: tarehe, jina la meli, ulipiga nini, ulivaa nini. Na ukianza kazi mpya, dai eksirei na kipimo cha pumzi mwanzoni, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha.

Hakuna njia isiyo na vumbi?

Zipo. Kuchanganya maji na chembe kunapunguza vumbi sana, ila tope likikauka linakuwa vumbi tena, kwa hiyo lizolewe likiwa bichi. Maji matupu ya shinikizo kubwa, zaidi ya bar 1,700, yanabandua rangi bila chembe yoyote. Hayaachi mikwaruzo mipya kwenye chuma, na yanaweza kukata mguu kupitia buti. Chembe za chuma ndani ya chumba kilichofungwa zinafaa kwa vipande vipya kabla havijaunganishwa. Ukiniuliza mimi, hatua ya kwanza kwa karakana ndogo ni moja tu: lori la mchanga wa mtoni lisiingie getini.

Mume wangu anarudi na ovaroli. Niifue vipi?

Isifike nyumbani. Karakana inapaswa kuwa na mahali pa kuoga na kubadilisha nguo, na kufua ni kazi yake. Ikiwa hakuna, avue nje kabla ya kumbeba mtoto, aiweke kwenye mfuko uliofungwa. Usiikung'ute. Iloweke kwenye beseni lake peke yake, uifue mbali na nguo za watoto, na maji yale usiyamwage kwenye bustani ya mchicha.